Picha yetu ya kwanza wameikata, na bendi niliianzisha mimi

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia alfajiri, usingizi umenigomea kabisa. Masikio yangu huvuma usiku kuliko mchana na hilo nimeshalizoea, kwa hiyo siyo masikio yaliyonikesheza. Ni ile picha.

Wametoa upya albamu yetu ya kwanza. Kwenye kasha wameweka picha yetu ya mwanzo kabisa, tuliyopigwa nje ya chumba cha mazoezi kabla hatujawahi kupanda jukwaani. Tulikuwa wanne. Kwenye kasha tuko watatu, yaani wako watatu. Mimi nilisimama mwisho, upande wa kushoto, na hapo ndipo mkasi ulipopita. Ukitazama vizuri ukingoni utaona kichwa cha gitaa langu, vigingi vya kukazia nyuzi, na ncha ya waya mmoja imechomoza. Nina tabia ya kutokata ncha za nyuzi nikishafunga mpya. Yeyote aliyewahi kupiga na mimi akiuona ule waya anajua gitaa ni la nani. Mwenye gitaa hayupo, waya wake upo.

Usiniambie ni wivu, Shangazi. Nimeshaambiwa hivyo na watu wasiojua lolote. Wamezunguka, wamelala kwenye magari, wamepata walichopata, siwaonei gere. Lakini mwimbaji akiulizwa siku hizi bendi ilianzaje, anajibu kwamba walikutana tu, mambo yakaenda. Hakuna aliyekutana tu. Yeye nilimtoa kwaya. Mpiga besi alikuwa anataka kupiga solo kama wote, mimi ndiye niliyembembeleza ashike nyuzi nne akakubali kwa shingo upande. Mpiga dramu alikuwa anapiga viti na ndoo, nikakaa naye jioni baada ya jioni mpaka mguu wake wa kulia ukajua kazi yake. Jina la bendi nililitunga mimi na nikaliandika kwa rangi kwenye mfuniko wa amplifaya yangu. Amplifaya yenyewe ilikuwa moja, ya vali, zile taa za kioo za kukuza sauti, tukachomeka humo gitaa na maikrofoni pamoja, na ilikuwa haitoi ule mkwaruzo wa gitaa la roki mpaka uipandishe sauti vali zizidiwe.

Na ule uzito wa muziki ambao watu wanausifia, ulitoka wapi? Nilikuwa nimesoma habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki nzito ya Black Sabbath, aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki ili aendelee kupiga, na ilipofika 1971 akawa analegeza nyuzi zisimuumize. Vidole vyangu mimi vilikuwa vizima. Ila mwimbaji wetu hakuweza kuzifikia sauti za juu, alikuwa anapasuka katikati ya wimbo na kuona haya. Nikalegeza nyuzi zote sita, nikamwambia mpiga besi alegeze zake, tukashuka wote mpaka sauti ya mwenzetu ikapata pa kukaa. Chumba kikatetemeka. Hapo ndipo tulipoanza kuitwa bendi ya roki nzito. Nilikuwa namtafutia yule mtu mahali pa kuimbia, na leo ndiye amesimama katikati ya picha.

Wimbo ule mkubwa, ambao hata wasiotupenda wanaujua, unaanza na rifu yangu, kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa-rudiwa. Ni nyuzi mbili tu nene zikipigwa pamoja, kisha kimya cha pigo moja, kisha zinarudi. Kaseti ya jioni niliyoitunga ninayo. Inasikika mimi nikisema subiri, tena, halafu mpiga dramu anahesabu mpaka nne. Maneno ya wimbo yalikuja baadaye sana. Lakini kwenye kasha, la zamani na la sasa, mtunzi ni mwimbaji peke yake, kwa sababu tangu zamani hesabu ya wimbo ni maneno na sauti inayoimbwa, na mpiga gitaa la ridhimu, anayeshikilia mapigo kama mimi, anaonekana kama mtu aliyeletewa wimbo ukiwa tayari.

Sitaki pesa. Nasema tena, sitaki pesa. Najua habari ya mpiga kinanda wa Procol Harum, bendi ya Uingereza, aliyedai sehemu yake katika wimbo wa 1967 baada ya karibu miaka 40, na mwaka 2009 Mabwana wa Bunge la Uingereza, waliokuwa ndio mahakama ya juu kabisa wakati huo, wakasema sehemu hiyo ni yake, asilimia 40 ya muziki. Nimeisoma mara nyingi. Siisomi kwa sababu ya asilimia. Naisoma kwa sababu majaji wazima walikaa wakakubali kwamba kuchelewa kusema hakumfanyi mtu asiwe alitunga. Ingawa, kusema kweli, mirabaha ya wimbo ule ingenisaidia, na sioni kwa nini nione haya kuitaja.

Sasa utauliza kwa nini niliondoka. Sikuondoka! Hili ndilo linalonikaba koo. Masikio yalianza kuvuma, mlio mwembamba usiokatika, na sikio la kushoto lilikuwa upande wa matoazi. Daktari alinieleza kwamba sauti ya desibeli 85 ni ya kuvumiliwa kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda unapungua kwa nusu, hivi kwamba kwenye 100 umebakiwa na dakika 15. Sisi tulikuwa tunafanya mazoezi jioni nzima kwenye chumba kisicho na dirisha, na jukwaani ndio usiseme. Nikaomba mapumziko. Niliomba mbele ya wote wanne tukiwa tumekaa, nao wakaitikia kwa vichwa. Nikaja kusikia kutoka kwa watu wa nje kwamba kuna kijana anapiga rifu yangu, na kwamba si wa muda.

Malcolm Young, aliyeanzisha bendi ya roki ya AC/DC na mdogo wake Angus mwaka 1973, aliacha ziara mwaka 1988 ili aachane na pombe. Mtoto wa kaka yake, Stevie, akamshikia gitaa. Malcolm alipopona alirudi akasimama palepale pake, kando ya dramu, na hakuna aliyeuliza. Naye alikuwa mtu wa ridhimu kama mimi, mashabiki wengi walikuwa wanamtazama Angus akikimbia huku na huku wasijue nani anaishikilia nyumba. Alipofariki mwaka 2017 bendi ilimtangaza kuwa mwanzilishi na nguvu iliyoiendesha. Mimi niko hai na nimekatwa kwenye picha.

Shangazi, kuna jambo sijakwambia. Mpiga dramu ni mdogo wangu, wa tumbo moja.

Alibaki. Sikumwambia aondoke, na hata angetaka kuondoka kwa ajili yangu ningemkataza, ilikuwa ndoto yake pia. Kwa hiyo sina kinyongo naye kwa kubaki. Lakini kijana mpya alipochukua nafasi yangu yeye ndiye aliyekuwa anamhesabia moja mbili tatu nne, na hakunipigia simu. Na picha ile alikuwa nayo yeye. Nakala mbili tu zilisafishwa, moja yangu na moja yake. Yangu iko hapa mezani, nzima, tuko wanne. Huwa nasema labda waliiiga kutoka mahali pengine, labda alimwazima mtu bila kuuliza ni ya nini. Huwa nasema hivyo mpaka kunakucha.

Sasa wanaadhimisha miaka ya bendi kwa onyesho kubwa na wamenialika. Nyimbo mbili za mwisho, nitajwe kama mgeni maalumu. Mgeni, nyumbani kwangu! Pamoja na mwaliko wameleta karatasi ya kusaini, inayosema kwamba sidai wala sitadai chochote kuhusu jina la bendi, nyimbo zake na picha zake. Picha nazo wamezitaja. Kuna na kiasi cha fedha, si kidogo, si kikubwa, mkupuo mmoja halafu basi. Aliyeileta ni mdogo wangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni na funguo mkononi akaniambia, "Kaka, saini tu yaishe, mama anataka kutuona pamoja." Kasha la albamu lilikuwa mezani, limelala kifudifudi. Aliliona. Naapa aliliona.

Mama naye kanipigia. Anasema damu ni nzito kuliko maji, na kwamba yeye hajui mambo ya rifu, anachotaka ni kuwaona wanawe jukwaani kabla macho hayajamwishia. Nitamjibu nini mama? Nikikataa, mimi ndiye niliyemnyima. Nikikubali, nimetia saini kwamba sikuwahi kuwepo, na kisha nipande nipige rifu yangu mwenyewe kama niliyoazimwa. Wakati mwingine nasema siendi hata wakinibeba. Halafu jana nikajikuta nimetoa gitaa, nimefunga nyuzi mpya, nimezilegeza kama zamani na kuupiga wimbo mzima bila amplifaya, taratibu, na nyakati zile za kimya cha pigo moja nilikuwa nasubiri dramu ziingie. Vidole vimekumbuka kila kitu. Nataka kwenda, Shangazi. Nataka sana. Nataka pia wakose usingizi kama mimi.

Rafiki yangu mmoja anasema nipeleke kaseti na hiyo karatasi kwa mwanasheria kabla ya kugusa kalamu, kwa kuwa haki ya mtunzi haifi kirahisi, katika nchi nyingi inaishi maisha yake yote na miaka 50 au 70 baada ya kufa kwake. Mwingine anasema nipande jukwaani kwanza, mashabiki waone, mengine baadaye. Lakini ukishatia saini, baadaye ipi? Na nikienda kwa mwanasheria, jina litakaloandikwa upande wa pili ni la mdogo wangu pia, kwa sababu naye ni mwenye bendi sasa. Kaseti yangu inayonitetea mimi ina sauti yake yeye akihesabu.

Je, nimuulize? Siyo habari ya karatasi. Nimuulize kama alikuwepo picha ilipokatwa. Nimeshika simu mara kadhaa nikaiweka. Akisema hakuwepo, nitamwamini? Akisema alikuwepo, nitakaaje naye meza moja mbele ya mama? Nisipomuuliza, nadhani naweza hata kusaini. Nikimuuliza, sijui.

Wanataka karatasi Ijumaa. Ninachoomba kwako ni hiki: niambie kama kuna njia ya kupanda lile jukwaa bila ile saini, na kama kumwambia mdogo wangu arudishe picha nzima kwenye kasha, sisi wanne, ndiyo niende, ni haki yangu au ni kumtia mama katikati. Na kama utanishauri nisamehe, basi niambie kwanza nimsamehe nani, maana hakuna hata mmoja aliyeniomba.

Tafadhali nijibu kabla ya Ijumaa. Ukiichapisha usitaje ala ninayopiga, watanitambua. Au itaje tu.

Wako,
Mwanzilishi