Mheshimiwa Waziri, Wete ni mbali kiasi gani?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, mkaazi wa Mwanakwerekwe, Unguja. Niwie radhi nikianza na hesabu. Uwanja wa ndege wa Unguja na ule wa Pemba, kwa mstari ulionyooka, vimeachana kama kilomita 125. Ndege ndogo inazimaliza kwa nusu saa. Kwa bahari, kutoka Malindi, bandari ya mjini Unguja, hadi Mkoani, bandari ya Pemba, ni kilomita 100 hivi. Kisha lami: Mkoani mpaka Chake Chake kama 30, Chake mpaka Wete karibu 30 nyengine. Kwa hesabu hiyo Wete si mbali.

Mwezi uliopita simu ilinikuta alfajiri. Halati, ndugu wa mama yangu, kafariki, maziko baada ya sala ya adhuhuri. Ndege imejaa, na hata ingekuwa tupu nauli yake si ya mfuko wangu. Nikaiwahi boti ya asubuhi. Mkondo wa Nungwi ukatukung'uta kama kawaida yake, mifuko ya kutapikia ikapita mkono kwa mkono, lakini Mkoani tukafika salama na mapema. Boti siilaumu.

Safari ilikwama gatini. Gari ya Wete ipo, ina abiria watatu. Taniboi anaita "Wete, Wete!", dereva kajilaza na kofia usoni. Haiondoki mpaka ijae. Nikarukia ya Chake, na Chake nikangoja tena ile ya Wete, ambayo nayo njiani ilisimama kupakia magunia ya karafuu, yakafungwa juu moja moja, kwa utulivu wa watu wasio na maziko. Nilipoteremka, wanaume walikuwa wanarudi makaburini. Mdogo wangu alinipa mkono, kucha zake bado zina udongo.

Kilomita 60 za lami zilinila muda mrefu kuliko kilomita 100 za bahari.

Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na tangu siku ile ukitaja usafiri wa Pemba macho yote huelekea baharini. Ni haki, tulizika wengi. Ila abiria akishakanyaga gati huwa kama hana tena mwenyewe, na wengi wetu hatukai Mkoani. Tunakaa Wete, Konde, Micheweni.

Ombi langu ni dogo. Kila boti ikifunga gati, ziwepo gari mbili zenye saa maalumu ya kuondoka, moja ya Wete, moja ya Konde, zijae zisijae. Viti vitakavyobaki vitupu Serikali ivilipie. Siku ya boti havitakuwa vingi. Na tiketi ikatwe Malindi moja kwa moja hadi Wete, ili dereva ajue kuna watu anaowangoja.

La bandari ya Wete nalitaja kwa kupita tu: kutoka pale Tanga ni kama kilomita 70, karibu kuliko Malindi, na wazee wetu walikwenda huko kwa majahazi bila kuona ajabu. Boti hata mara moja kwa wiki ingetosha kuanzia.

Alhamisi nakwenda kwenye arubaini ya halati. Tiketi ya boti ninayo. Gari nitaitafuta hapo hapo gatini.

Wako mtiifu,
Mpemba wa Mwanakwerekwe