Posa ya mcheza poka

Mhariri,

Kuna msomaji aliandika katika ukurasa huu kwamba vijana wajifunze poka, mchezo wa karata wa kuwekeana fedha, kwa kuwa huko nje watu wameifanya ajira. Naomba nafasi kidogo, maana mcheza poka wa kulipwa ninaye nyumbani. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu.

Mwezi uliopita nilimpelekea posa Chumbageni, hapahapa Tanga. Kahawa ikanywewa, kisha mzee mwenye nyumba akauliza: kijana anafanya kazi gani? Nikajibu, "Kazi za kompyuta." Nimekuwa karani wa ghala la mkonge miaka 29, sijaghushi hata stakabadhi moja, lakini siku ile nilidanganya watu wanne huku nimeshika kipande cha halua.

Jioni nikamwita mpwa wangu nyumbani kwangu Makorora. Akaja na daftari la kaunta. Mhariri, hapo nilimheshimu. Kila kikao kina mstari wake: tarehe, saa alizokaa, fedha aliyoingia nayo, aliyotoka nayo. Akipoteza, anaandika kwa kalamu nyekundu. Wiki 11 za mwisho, 7 ni nyekundu. Jumla ya chini ni faida, ila ukiigawanya kwa saa alizokesha, haimfikii fundi seremala wa mtaani kwetu.

Akatandika mkeka uani, tukacheza watu watano kwa maharage. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, halafu tano zinawekwa wazi katikati kwa wote. Katika mara kumi, yeye alitupa zake mara nane bila kuweka hata punje. "Mbona huchezi?" nikamuuliza. "Huku ndiko kucheza, mjomba." Mimi kila nikiona K nashangilia. Maharage yangu yaliisha kabla ya isha.

Aliniambia kuwa ree mbili za mkononi, mwanzo bora kuliko wote, huja mara 1 katika 221, na hata ukizipata, mwenye K mbili atakupiga karibu mara 1 katika 5. Ndiyo maana fedha ya mezani haichanganyi na ya kodi ya nyumba. Mtu wa kubeti mkeka wake ukichanika anaweka mwingine jioni ileile. Huyu akipoteza anarudi kwenye daftari kutafuta alipokosea, na siku nyingine hakukosea popote, karata tu.

Lakini kuna jambo lililonisumbua kama karani. Katika poka wachezaji wanashindana wao kwa wao, na nyumba, yaani mwenye kasino au tovuti, inakata chake katika fedha ya kila mchezo. Kwa hiyo fedha ya mezani inapungua kila saa. Ili mpwa wangu ale, wenzake lazima wapoteze chake yeye na cha nyumba. Nilimuuliza ni akina nani hao. Akanyamaza kidogo, akasema, "Waliokuja kujifurahisha." Shehe akisema hiyo ni kamari, mimi simbishii.

Msomaji wako alimtaja Chris Moneymaker (jina lake kweli hilo, maana yake mtengeneza fedha), mhasibu wa Marekani aliyeingia mashindano ya ubingwa wa dunia wa poka kupitia shindano dogo la intaneti mwaka 2003 akashinda dola milioni 2.5 huko Las Vegas. Ni kweli. Hakumtaja Stu Ungar, aliyetwaa ubingwa huohuo 1980, 1981 na 1997. Mwaka uliofuata alikutwa amekufa katika chumba cha moteli mjini humo. Dawa za kulevya zilikwishammaliza, na mazishi yake yalichangiwa na wenzake.

Kwa hiyo, mkiandika tena kwamba poka ni ajira, chapeni na ukurasa mmoja wa daftari lenye mistari myekundu. Mpwa wangu ameniruhusu kutoa lake, bila jina.

Mzee wa Chumbageni ni msomaji wa gazeti hili. Jibu la posa bado hatujapewa.

Karani mstaafu,
Makorora, Tanga