Msimpime Spanoulis kwa Houston peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu wachezaji wa Ulaya "waliochemsha" NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na imenikera kulikuta humo jina la Mgiriki Vassilis Spanoulis. Mwandishi wenu amemmaliza kwa mistari miwili: mechi 31 akiwa na Houston Rockets msimu wa 2006-07, wastani wa pointi 2.7, akarudi kwao Ugiriki. Takwimu hizo ni za kweli. Lakini ni msimu mmoja wa mtu aliyecheza kikapu cha kulipwa kwa zaidi ya miaka ishirini, na ndio uliokuwa mbaya kuliko yote.

Naomba kwanza tuanzie miezi miwili kabla ya Houston. Septemba 1, 2006, mjini Saitama, Japani, ilichezwa nusu fainali ya Kombe la Dunia. Marekani ilikuwa na LeBron James, Dwyane Wade, Carmelo Anthony, Chris Paul na Dwight Howard. Ugiriki ilishinda 101-95, na aliyeifungia pointi nyingi zaidi ni Spanoulis, pointi 22. Silaha yao kubwa ilikuwa moja, wakairudia hadi Wamarekani wakachoka. Sofoklis Schortsanitis, pande la mtu, anapanda juu kuweka skrini, yaani kusimama njiani kumzuia mlinzi asimfuate mwenye mpira. Spanoulis au Theodoros Papaloukas anampita ubavuni akiwa na mpira. Mlinzi mrefu akimfuata mwenye mpira, pasi inakwenda kwa Schortsanitis aliyeshageukia kikapu. Akibaki nyuma, gadi, yaani huyo mwenye mpira, anafunga mwenyewe. Fainali waliipoteza vibaya kwa Hispania, 70-47, lakini usiku ule dhidi ya Marekani hautafutika.

Kijana yuleyule alipofika Houston aliwekwa benchi nyuma ya Rafer Alston. Mpira pale ulikuwa wa Tracy McGrady na Yao Ming, na kocha Jeff Van Gundy alitaka gadi anayeuvusha mpira, anautoa, kisha anakwenda kusubiri pembeni. Spanoulis hakuumbwa hivyo. Kipaji chake chote kilikuwa kuushika mpira, kuipima skrini na kuamua. Kiangazi cha 2007 haki zake zilipelekwa San Antonio Spurs katika mabadilishano yaliyompeleka Luis Scola Houston, lakini yeye alitaka kurudi nyumbani, akaachiwa, akarejea klabu yake ya Ugiriki, Panathinaikos. Mwandishi wenu anaita huko kushindwa. Mimi naona ni mtu wa miaka 25 aliyeijua kazi yake na kujua wapi ataruhusiwa kuifanya.

Na aliifanya. Mwaka 2009, mjini Berlin, Panathinaikos ya kocha Željko Obradović ilitwaa EuroLeague, ubingwa wa klabu za Ulaya, na Spanoulis akawa mchezaji bora wa hatua ya timu nne za mwisho. Mwaka uliofuata akahamia kwa mahasimu wao, Olympiacos. Kwa msomaji wa Tanzania sihitaji kueleza mengi: ni kama kutoka Simba kwenda Yanga ukiwa kwenye ubora wako. Aliitwa msaliti, na kila aliporudi kucheza kwenye ukumbi wa Panathinaikos alizomewa tangu anapasha misuli. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kuumiza kweli, maana timu aliyoiacha ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2011 bila yeye, Dimitris Diamantidis akiwa nyota, wakati Olympiacos ilitolewa robo fainali na Siena.

Hapo ndipo naomba wasomaji wenu waitafute fainali ya EuroLeague ya Mei 2012 mjini Istanbul waitazame yote. Ugiriki ilikuwa katikati ya mdororo wa uchumi, bajeti ya Olympiacos ilishakatwa, na kikosi cha kocha Dušan Ivković kilikuwa kimejaa vijana. CSKA Moscow, klabu tajiri yenye Andrei Kirilenko na Miloš Teodosić, iliongoza kwa pointi 19 katika robo ya tatu: 53-34. Olympiacos wakaanza kurudi kidogo kidogo. Zikiwa zimebaki sekunde chini ya kumi, CSKA inaongoza kwa pointi moja, Ramūnas Šiškauskas alikosa mitupo huru yote miwili. Mpira ukafika kwa Spanoulis. Ukumbi mzima ulijua atapiga yeye, na Kirilenko pia alijua, kwa hiyo akaacha nafasi yake kuja kumziba. Spanoulis alipoliona hilo hakulazimisha. Alimpasia Georgios Printezis, ambaye aliurusha mpira juu ya mikono ya Kirilenko aliyekuwa akijaribu kurudi. Ukaingia, saa ikionyesha sekunde 0.7. Matokeo: 62-61.

Narudia kuitaja ile pasi kwa sababu watu wengi wanamjua Spanoulis kama mfungaji tu.

Mwaka mmoja baadaye, London, dhidi ya Real Madrid, Olympiacos ilimaliza robo ya kwanza ikiwa nyuma 27-10. Spanoulis alikwenda mapumziko bila pointi hata moja. Kipindi cha pili akafunga 22, Olympiacos ikashinda 100-88 na kutetea ubingwa. Msimu huo alikuwa mchezaji bora wa EuroLeague nzima. Mwaka 2015 huko Madrid, dhidi ya CSKA tena, aliingia robo ya mwisho akiwa amekosa karibu kila alichotupa, akaendelea kutupa, na zikaingia zile zilizohitajika.

Sitaki nimpambe kupita kiasi. Alipoteza mipira mingi mno, kuna mechi alizitupa kwa ubishi wake, na upande wa ulinzi Diamantidis alikuwa juu yake kwa mbali. Mwandishi wenu angeandika hayo ningekubaliana naye. Lakini alipostaafu mwaka 2021 hakukuwa na mtu aliyewahi kufunga pointi nyingi kuliko yeye katika EuroLeague. Rekodi hiyo ilivunjwa mwaka 2024 na Mike James wa Monaco, na mwishoni mwa mwaka huohuo Monaco ikamwajiri Spanoulis kuwa kocha wa James. Msimu huo walifika fainali ya Ulaya. Septemba 2025, akiwa kocha wa taifa, aliiongoza Ugiriki kutwaa medali ya shaba ya Ulaya mjini Riga kwa kuifunga Finland 92-89. Medali ya mwisho kabla ya hiyo ilikuwa ya 2009, naye alikuwemo uwanjani kama mchezaji.

Mhariri, tatizo langu si makala moja. Ukurasa wenu wa kikapu unaandika kana kwamba mchezo huu unachezwa Marekani tu, na mchezaji wa Ulaya anatajwa siku anapovuka bahari au siku anaporudishwa. Mechi za NBA wengi wetu tunazikuta zimeshakwisha tunapoamka, kwa sababu zinachezwa usiku wa manane na alfajiri. Mechi nyingi za EuroLeague zinaanza mnamo saa tatu au saa nne usiku wa kwetu, saa ambayo kijana anayejifunza kucheza gadi bado yuko macho na anaweza kuzitazama. Tuwekeeni ratiba na matokeo yake kila wiki, hata kwa safu moja nyembamba. Na makala ile ya "waliochemsha", kama mtairudia, mwondoeni Spanoulis humo.

Msomaji wenu,
Mwanza