Jambazi wako ametubu mapema mno

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza, na mama yako amekwisha kuteka uwanja wote wa nyuma kwa mihogo.

Muswada wako wa filamu nimeusoma, nikaurudia. Mazungumzo ya kijiweni umeyapatia, hasa wale vijana wa bodaboda; nimecheka peke yangu mpaka nikaulizwa kulikoni. Tatizo ni yule jambazi. Kurasa nyingi anapora, anapiga watu, anamdanganya kila anayemwamini. Kisha mchungaji anamhubiria, ukurasa mmoja tu, analia, na hapo hapo amekuwa mtu mwema. Mimi sikumwamini. Nadhani hata wewe hukumwamini, maana machozi yale umeyaandika kwa haraka kuliko kitu kingine chochote mle ndani.

Uliniuliza kwenye simu, basi mhusika abadilikeje? Nikasema nitakuandikia, kwa sababu jibu langu ni refu na vocha ni ghali.

Chukua Huckleberry Finn wa Mark Twain, kitabu kilichotoka Uingereza mwishoni mwa 1884 na Marekani mwanzoni mwa 1885. Huck ni mvulana wa miaka kumi na tatu au kumi na minne, baba yake mlevi, wanaishi kando ya mto Mississippi enzi za utumwa. Anatoroka kipigo cha baba, na kisiwani anakutana na Jim, mtumwa wa Bibi Watson. Jim naye ametoroka, kwa kuwa amesikia wanataka kumuuza New Orleans kwa dola 800. Wanashuka mto pamoja juu ya chelezo.

Sasa shika hapa. Tumezoea kudhani kwamba nafsi ikimsuta mtu, basi inamsuta kwa haki. Nafsi ya Huck inamsuta kwa sababu anamsaidia Jim! Inamuuliza: Bibi Watson maskini alikukosea nini hata ukae unatazama mali yake ikitoroka? Mtoto yule amekulia kati ya watu wanaoamini kwamba kumficha mtumwa ni wizi, na wizi huo ni njia ya motoni. Dhamiri yake imeundwa na hao hao. Ukimsomea mahubiri ya wakati ule, angemrudisha Jim siku hiyo hiyo. Ndiyo maana namwonea shaka mchungaji wako.

Kinachomgeuza ni maisha ya chelezoni. Usiku mmoja wanapotezana katika ukungu. Huck akirudi anamkuta Jim amelala kwa uchovu wa kumtafuta na kulia, naye anaamua kumfanyia mzaha: hakukuwa na ukungu wowote, umeota. Jim anaamini kidogo, kisha anaona takataka na matawi yaliyonasa juu ya chelezo. Anamwambia kwamba takataka ni mtu anayemtia rafiki yake aibu. Hapigi kelele. Anaingia zake kibandani. Huck anasema ilimchukua robo saa kujikaza hadi akaenda kumwomba radhi mtu mweusi, na kwamba hakujutia kamwe. Hakuna mahali pengine kitabuni ninapopapenda kama hapo. Robo saa ya kiburi kinachopambana na aibu, bila mtu wa tatu kuwatazama.

Halafu kuna alfajiri moja Jim anamsimulia habari za bintiye mdogo, wa miaka minne. Alimwamuru afunge mlango, mtoto akasimama tu anatabasamu. Akamzaba kofi. Baadaye upepo ukaubamiza mlango ule nyuma ya mtoto, naye hakushtuka hata kidogo. Homa aliyougua ilikuwa imemwacha kiziwi, na baba hakujua. Jim anasimulia kwa majonzi. Huck hasemi mengi, ila ndiye aliyekaa akasikiliza, na tangu hapo amejua kwamba Jim naye ana nafsi inayomsuta. Mimi nililea watoto. Ukurasa huo siusomi mbele za watu.

Kwa hiyo inapofika siku Jim amekamatwa, na Huck ameshika karatasi ya kumwandikia Bibi Watson aje amchukue, kazi yote imekwisha kufanyika. Anaiandika ile barua. Anajisikia mwepesi, ametakata, tayari kuomba sala. Kisha kabla hajapiga magoti anaanza kumkumbuka Jim: akiimba, akimshikia zamu ili yeye aendelee kulala, akifurahi kumwona ametoka kwenye ukungu. Anaichana barua na kujiambia basi, atakwenda motoni.

Ona alichokiacha mwandishi. Huck hatambui kwamba utumwa ni dhuluma, wala hatoi hotuba. Anaendelea kuamini kwamba anatenda dhambi kubwa, ila hawezi kumtenda Jim vile. Twain mwenyewe aliandika mwaka 1895 kwamba katika kitabu kile moyo mzima unagongana na dhamiri iliyopindishwa, na dhamiri inashindwa. Wewe ungemfanya aelewe kila kitu. Mimi pia, ningekuwa mwandishi.

Hapa kwetu tuna mfano wa upande wa pili. Katika riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka 1971 na kupigwa marufuku shuleni, Zakaria anampiga bintiye Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Anadhani anajenga adabu. Anachokijenga ni kumwogopa Zakaria, na Rosa akishakuwa mbali na nyumbani Ukerewe, Zakaria hayupo. Walimu wenzangu waliwahi kubishana sana juu ya aibu iliyomo katika kitabu kile, na karibu wote waliinyooshea kidole tabia ya msichana. Mimi nilikuwa nikiwarudisha kwenye ile fimbo.

Filamu ninayotaka uitafute ni ya Kijerumani, Das Leben der Anderen, yaani Maisha ya Wengine, ya mwaka 2006, iliyoshinda tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Mwaka ni 1984, Berlin Mashariki. Wiesler, kapteni wa polisi wa siri, Stasi, anakaa darini na vinasa sauti akimsikiliza mwandishi wa tamthilia, Dreyman, na mpenzi wake Christa-Maria, mwigizaji. Wiesler ni mtu anayeamini kazi yake. Kinachomtikisa kwanza ni kujua kwamba amewekwa pale kwa sababu waziri anamtaka yule mwanamke. Lakini hilo lingemfanya achukie waziri tu. Linalomfanya awapende wale wawili ni kusikiliza: ugomvi wao, kupatana kwao, piano ikipigwa baada ya rafiki yao kujiua. Yeye mwenyewe nyumbani kwake hana mtu. Anamlipa kahaba, kisha anamwomba abaki kidogo, na kahaba ana mteja mwingine.

Tazama tukio la lifti. Mtoto mwenye mpira anamuuliza kama kweli yeye ni wa Stasi, wale watu wabaya wanaofunga watu, baba amesema. Wiesler anaanza kuuliza, kwa mazoea ya kazi, jina la... halafu anakwama. Jina la nini, anauliza mtoto. La mpira wako. Mpira hauna jina! Kwa sentensi hiyo moja iliyokatwa katikati tunajua mtu huyu hatarudi alikokuwa, na hakuna aliyelia. Ukitaka kujifunza uandishi wa filamu, mama, jifunze hapo.

Wapo walioikataa filamu ile. Mkuu wa makumbusho ya gereza la zamani la Stasi, Hohenschönhausen, aliwanyima ruhusa ya kupiga picha mle, akisema kumfanya ofisa wa Stasi shujaa ni kuipotosha historia. Hoja yake naiheshimu, maana waliofungwa mle walikuwa bado hai. Lakini angalia pia kwamba filamu haimpi Wiesler zawadi. Christa-Maria anakufa. Wakubwa wake wanamshusha cheo, anatupwa chumba cha chini kufungua barua za watu kwa mvuke mpaka Ukuta wa Berlin unaanguka, na baadaye anatembeza matangazo nyumba kwa nyumba. Jambazi wako yeye ametubu bure. Hakupoteza hata marafiki.

Na jambo la mwisho, ambalo vitabu vingi hukwepa. Mwishoni mwa hadithi ya Huck anatokea Tom Sawyer, rafiki wa zamani. Jim amefungwa kibandani, na wangeweza kumtoa usiku mmoja. Tom anageuza ukombozi wa mtu kuwa mchezo, na panya na nyoka na buibui ndani, huku akijua kwamba Bibi Watson alikwisha kufa na kumwachia Jim huru katika wosia. Huck anamfuata. Yule yule aliyekubali kwenda motoni! Hemingway, mwandishi wa Marekani, katika kitabu chake cha 1935 kuhusu kuwinda hapa kwetu Tanganyika, anasema usome mpaka Jim anapoibwa, kisha uache, yaliyobaki ni udanganyifu. Wengi wanamuunga mkono. Mimi kwa miaka mingi nimeona kwamba Twain alikuwa mkweli kuliko wasomaji wake. Mvulana aliyekuwa mtu mzima mbele ya Jim anarudi utoto mbele ya Tom, kama vile wewe na kaka yako mnavyorudia ugomvi wa darasa la tatu mkikutana Krismasi.

Kwa hiyo rudi kwenye muswada. Una mama muuza uji anayemkopesha jambazi kila asubuhi bila kumuuliza alikolala. Umemweka mara moja, ukamsahau. Mrudishe. Jambazi amwibie yeye, hata bila kujua kwamba ni yeye, na kesho yake uji ukopeshwe kama kawaida. Usimwandikie maneno ya kutubu. Andika anachofanya na kile kikombe. Kisha, akishaanza kubadilika, mtume yule rafiki yake wa bodaboda amwite, tuone anakwenda na nani. Mchungaji unaweza kumbakiza, ila asihubiri. Anunue uji, alipe, aondoke.

Ukimaliza nitumie kurasa hizo tu, si muswada mzima; macho yangu unayajua. Mama yako anauliza kama Desemba utakuja kwa basi au kwa treni, na kama utaweza kumletea vitenge viwili, rangi yoyote isipokuwa njano.

Ni mimi baba yako