Mwanangu, Dodoma uanze na maji

Newala, Mtwara

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Sisi wazima, na mwenzio mdogo anakusalimu sana. Nimefurahi mno kusikia umepangiwa wizara pale Mtumba, kwenye mji wa serikali huko Dodoma. Ila kwenye simu tuliongea harakaharaka, na mimi na baba yako hatutaki upange nyumba kwa kuangalia vigae na rangi ya ukuta. Ndiyo maana nakuandikia.

Watu wanaizungumza Dodoma kana kwamba ni mji wa jana, kumbe uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ni wa 1973. Bunge likaenda, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanza 2007, lakini wizara zenyewe zilibaki Dar es Salaam miaka nenda rudi. Mambo yalibadilika 2016, Rais Magufuli aliposema serikali inahama, na Waziri Mkuu Majaliwa, mtu wa Ruangwa hapo Lindi, akatangulia mwaka huohuo. 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sasa tazama: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 pale mjini; ya 2022 ikakuta 765,179. Miaka kumi tu! Na wote hao kila alfajiri wanataka maji.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Sisi watu wa uwanda wa Makonde shida ya maji tunaijua kwa miguu yetu. Mvua kwetu si haba, ila mchanga unaimeza yote, maji yanakwenda kutokea huko chini mabondeni. Bibi yako aliteremka usiku wa manane, akapandisha na mtungi kichwani jua linachomoza. Ndiyo sababu nyumba yetu ina kisima cha kuvunia mvua, na ndiyo sababu nilikukataza kukinga mvua ya kwanza kabla bati halijaoshwa.

Dodoma tatizo ni mvua yenyewe. Kwa mwaka haifiki milimita 600, inanyesha Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni vumbi. Jiji linategemea sana visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na maji hayo ya chini yanajazwa na mvua hiyohiyo chache. Bwawa la Farkwa, kule Chemba, la kuliletea jiji maji, limezungumzwa tangu zamani.

Nilipokwenda kumuuguza mama yako mdogo, pale Hospitali ya Benjamin Mkapa (jina la mtu wa kwetu, wa Lupaso, Masasi), nilifikia Nkuhungu kwa jamaa. Maji ya bomba yalikuja kwa zamu, siku nyingine tukatumia ya kisima, ya chumvi. Nikafua khanga, sabuni ikagoma kutoa povu. Nikaongeza, ikaelea mabongebonge meupe juu ya maji. Hata chai ilikuwa na chumvi. Jirani alikuwa ameshusha nyumba ya maana, bati lake mara tatu ya letu, lakini hana gata, yaani mfereji wa kukingia maji ya bati, wala pipa. Ikapiga mvua ya Januari, kubwa, na yote ikatiririka barabarani ikaishia korongoni. Niliumia, mwanangu. Mji unaezeka mabati mapya kila kukicha, halafu mvua inaachwa iende zake!

Kwa hiyo ukimpata dalali, kabla hajakuonyesha sebule, muulize: bomba linatoka siku zipi? Tangi ni la lita ngapi, na mnachangia wangapi? Gata zipo? Akijibu kwa mkato, nenda mwenyewe ukawaulize wapangaji wengine, hasa akina mama, hao hawatakuficha. Mtumba ni kilometa kama 17 kutoka katikati ya mji, kwa hiyo ukipata Ihumwa, jirani na Mtumba, utaokoa nauli, ila usikubali ukaribu wa ofisi ukufumbe macho kuhusu maji. Kiwanja usiguse kwanza. Siku ukiwa tayari, nunua kilichopimwa, na jina la mwenyewe ukalihakikishe halmashauri ya jiji kabla hujatoa hata shilingi.

Safari haina tabu siku hizi. Panda basi la asubuhi mpaka Dar, ulale kwa shangazi yako, kesho yake ushike treni ya umeme. Tangu 2024 inafika Dodoma. Beba sweta zito, maana Juni na Julai usiku ni baridi kuliko unavyodhani. Na zabibu zikiwa msimu ule, ni tamu kweli.

Minada ya korosho inaanza Oktoba. Malipo ya chama cha ushirika yakiingia tu, nakutumia hela ya simtanki la lita 1,000 na gata zake, lakini kwanza kubaliana na mwenye nyumba, mwandikishane kwamba ukihama unaondoka nalo.

Mama yako