Mama, sijadisko, nahama chuo

Mama shikamoo. Baba mkubwa shikamoo kama upo hapo barazani. Wadogo zangu mambo vipi. Naandika ndefu kwa sababu Jumapili mtandao ulikata palepale niliposema nahama chuo, kesho yake dada ananitumia voisi eti mama hajalala usiku kucha, anasema mtoto kadisko huko, yaani kafukuzwa chuo kwa kufeli, anatuficha. Mama, sijadisko. Dada msomee kwa sauti na usiruke mistari.

Iko hivi. Pale nilipoanzia huku Marekani ni komyuniti koleji, yaani chuo cha miaka miwili, hakichagui sana watu, ada yake ndogo na vipindi vingine ni vya jioni ili mtu atoke kazini aingie darasani. Ile digrii ya miaka minne pale hawatoi. Unasoma nusu ya kwanza, krediti 60 (ndo vipimo wanavyohesabia masomo), wanakupa cheti chake, halafu unahamia chuo kikuu kumalizia 60 nyingine zifike 120. Kwa hiyo kuhama ndo mpango wenyewe tangu siku ya kwanza. Mtoto akitoka form four akaenda form five mbona hakuna anayelia? Barua ya kukubaliwa ninayo, naingia mwaka wa tatu mwezi wa nane, fani ni sayansi ya mazoezi.

Sasa najua swali linalofuata, miaka miwili imekuwaje miwili na nusu. Hapo kosa ni langu na nalisema. Semista ya kwanza nilikuwa nafanya shifti za usiku kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee, jamaa mmoja akanambia kuna somo la mwili wa binadamu jepesi, halina maabara, unalisoma kwenye kompyuta nyumbani, nikalichukua, nikapata A, nikafurahi kweli na nakumbuka nilikupigia nikakutambia. Mwaka mzima baadaye ndo nakaa na adivaiza, mshauri wa masomo, ananionyesha kwenye skrini kwamba kwa fani yangu chuo kikuu wanataka anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, zote na maabara. Ile A yangu? Inahesabika, ila kama somo la ziada tu, kama vile umeenda sokoni kununua mchele ukarudi na maharage, si kwamba huna kitu lakini wali hupiki. Sehemu ya pili huruhusiwi kusoma kabla ya kwanza, kwa hiyo hapo hapo semista mbili, ndo mpango wote ukasogea mbele.

Na kinachoniuma ni kwamba hapa jimbo la Minnesota vyuo vya serikali vimeshaandikiana njia za kuhama, kila fani na orodha yake ya masomo, sayansi ya mazoezi nayo imo, ukiifuata kama ilivyo unavuka na krediti zako zote. Iko wazi kabisa mtandaoni. Mimi nilikuwa nafuata orodha ya mshkaji. Sasa hivi nina krediti 68 na zile nane zilizozidi 60 hazinipunguzii kitu mbele ya safari.

Lakini hiyo anatomia mama, acha tu. Siku ya maabara ya moyo wametugawia mioyo ya kondoo, kila watu wawili moyo mmoja kwenye sinia, harufu ya dawa inapanda puani, binti niliyekaa naye kageuka ukutani anasema hawezi. Mimi nimechinja mbuzi wa Krismasi tangu darasa la sita, nikachukua kisu nikapasua. Ndani, chini ya zile valvu, kuna vinyuzi vyeupe vyembamba kama katani, vimeshikilia valvu kwa chini, nikavivuta na kibanio vikagoma kukatika. Mwalimu akasema ndivyo vinavyozuia valvu isipinduke moyo ukibana, damu isirudi ilikotoka. Mama umetukaangia moyo wa mbuzi mara ngapi pale jikoni, na mimi nimekula vile vinyuzi miaka yote najua ni mishipa tu migumu inayokaa kwenye meno! Nilitoka pale saa tatu usiku nikapitiliza kituo cha basi kwa mawazo.

Sasa mama mdogo nasikia anatangaza kanisani kwamba nasomea PE, yaani ualimu wa michezo. Namheshimu sana ila mwambieni sio PE, na sio kunyanyua vyuma pia, ingawa wapo wanaoishia kufundisha jimu na wanakula vizuri tu. Ni kusoma mwili unafanya nini ukitumika: moyo, mapafu, misuli, viungo, jinsi goti linavyobeba uzito ukishuka mlima na ndoo kichwani. Siku tulipokwenda kutembelea chuo kipya walitafuta mtu wa kupanda tredimili, ile mashine ya kukimbilia, wakanivalisha barakoa yenye bomba linaloenda kwenye mashine, unakimbia, wanapandisha mwinuko kidogo kidogo, mashine inapima oksijeni unayotumia, hesabu yake ni mililita kwa kila kilo ya mwili wako kwa dakika moja. Nilitoka shifti saa moja asubuhi kwa hiyo namba yangu siitaji hapa. Profesa akauliza natoka wapi, nikasema Moshi, chini ya Kilimanjaro, basi darasa zima wanauliza nimepanda mara ngapi. Sijawahi kufika hata Mandara, kile kituo cha kwanza cha kulala! Nikasema "inategemea" nikanywa maji.

Ninapopaona mimi ni kule hospitali kwenye mazoezi ya wagonjwa wa moyo. Mtu ameshikwa na moyo, katibiwa, karuhusiwa kurudi nyumbani, halafu anakuja wiki kwa wiki, bima ya wazee huku inalipia hadi vipindi 36, anatembea kwenye mashine amebandikwa nyaya kifuani na kuna mtu pembeni anaangalia mapigo na presha na kujua lini amwambie ongeza na lini amwambie kaa. Huyo mtu wa pembeni ndo mimi nataka kuwa. Kaka aliuliza si ningesoma fiziotherapia tu hospitali ya KCMC, karibu na nyumbani. Swali zuri. Huku fiziotherapia unaisoma baada ya digrii, miaka mitatu mingine, na hii yangu ni mlango mmojawapo wa kuingilia. Nikitaka. Sijaamua, msianze kuniita daktari.

Hela ya shule msiwe na presha. Kwa kuwa nilikuja na green card ya bahati nasibu, yaani kibali cha kuishi huku, najaza fomu ya FAFSA ya kuomba hela ya masomo kila mwaka napata Pell, hela ya serikali, ni msaada sio mkopo, ukipewa yote ni dola 7,395 kwa mwaka, ila maisha yako yote ni semista 12 tu na mimi nimeshakula kama tano, ndo maana sina muda wa kurudia uzembe. Na tangu 2024 jimbo hili linamalizia ada iliyobaki kwa familia yenye kipato chini ya dola 80,000, nami sijui mtu wa kubeba boksi anayekaribia hapo.

Ila chakula na kodi hawalipi. Na hapa ndo penyewe mama, nimezunguka barua nzima kufika hapa. Chuo kipya kiko mbali na Brooklyn Park ninapokaa sasa, nahama nyumba, kazi naiacha, nitatafuta nyingine ndogo kulekule. Maabara ni za mchana, na semista ya mwisho ni field kila siku. Kuanzia mwezi wa nane sitaweza kutuma kama ninavyotuma sasa. Nimepiga hesabu mara tatu, nitaweza nusu, na kuna mwezi hata hiyo itachelewa. Nilitaka usikie kwangu kabla hujaona kwenye M-Pesa.

Ada ya mdogo wetu ya Januari nimeshaitenga, hiyo haiguswi. Dawa za presha za baba mkubwa pia ziko palepale, na baba mkubwa naomba uzimeze kila siku sio siku ukisikia kichwa tu. Paa la jikoni ndo litasubiri. Fundi mwambieni yale mabati asilete kwanza, na kama ameshaleta dada nipigie leo leo usiku wa huko, mimi nitakuwa naamka.

Mwanao.