Kutwaa Wimbledon na bado ukashuka

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumai shemeji na watoto hawajambo. Mimi mzima, sina neno.

Swali lako limenifurahisha, maana hata watangazaji wengi hulikwepa: inakuwaje Djokovic, mcheza tenisi wa Serbia, atwae mashindano ya Wimbledon ya London mwaka 2022, halafu Jumatatu inayofuata orodha ya ubora itoke naye ameshuka kutoka nafasi ya 3 hadi ya 7? Wewe ulidhani kompyuta imekosea. Haikukosea. Mwaka ule waandaaji wa Wimbledon waliwazuia wachezaji wa Urusi na Belarus kwa sababu ya vita vya Ukraine. ATP, chama cha wanaume, na WTA, cha wanawake, wakajibu kwa kuyanyima mashindano yale pointi. Kikombe kilitolewa, fedha zililipwa, pointi hapana. Djokovic alikuwa ameshikilia pointi 2000 za Wimbledon ya 2021 ambazo muda wake ulikuwa umekwisha, zikaondoka bila cha kuziba pengo. Kyrgios, aliyefungwa kwenye fainali, alitoka nafasi ya 40 akaenda ya 45. Rybakina, bingwa wa wanawake, aliingia akiwa wa 23 na akatoka akiwa wa 23. Medvedev, Mrusi ambaye hakuruhusiwa hata kukanyaga nyasi zile, akabaki namba moja duniani. Kwangu mimi adhabu ile iliwaangukia wasiohusika, ila hesabu yenyewe ilikuwa sahihi.

Shika jambo hili moja: pointi za tenisi ni kama bando la simu, zina muda wa wiki 52, na ukicheza usicheze muda ukifika zinafutika. Orodha haisemi nani ana kipaji zaidi, wala nani alishinda juzi. Inajumlisha ulichovuna ndani ya wiki 52 zilizopita, basi.

Kwa hiyo ukitaka kujua mchezaji atapanda au atashuka, usiangalie alichofanya wiki hii peke yake. Tafuta kwanza alifanya nini kwenye mashindano hayohayo mwaka jana. Kwa wanaume, bingwa wa Grand Slam, yaani mojawapo ya yale mashindano manne makubwa ya mwaka (Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, au US Open), hupata pointi 2000, anayefungwa fainali 1300, nusu fainali 800, robo fainali 400, raundi ya nne 200, ya tatu 100, ya pili 50, na anayetolewa raundi ya kwanza 10. Sasa chukua mtu aliyefika robo fainali mwaka jana. Mwaka huu akitolewa raundi ya tatu, amepoteza pointi 300 ingawa ameshinda mechi mbili. Akifika tena robo fainali, hajaongeza kitu, amelinda tu. Akifika nusu fainali, amepata 400 mpya. Ndiyo maana utasikia wakisema fulani "ana pointi nyingi za kulinda". Wanawake wana ngazi zinazokaribiana na hizo: juu ni 2000 na 1300 vilevile, katikati zinatofautiana kidogo.

Mfano mkali kuliko yote ni Mwingereza Emma Raducanu. Aliingia US Open ya 2021 akiwa wa 150 duniani, akapitia mchujo wa mechi tatu wa kutafuta nafasi, kisha akashinda saba za droo kuu, yaani mashindano yenyewe, bila kupoteza hata seti moja. Akaruka hadi nafasi ya 23. Mwaka uliofuata akarudi New York akiwa wa 11, akafungwa na Alizé Cornet raundi ya kwanza. Zile pointi 2000 za ubingwa pamoja na 40 za mchujo zikafutika, zikaingia 10. Orodha ilipotoka alikuwa wa 83. Watu wakasema ameporomoka kwa wiki mbili. Ukweli ni kwamba mwaka mzima katikati hakuwa ameweka akiba ya kutosha kwingine, na lile taji moja lilikuwa limeuficha upungufu huo.

Akiba hiyo huwekwa kwenye mashindano ya chini ya Grand Slam. Majina yao yanajieleza: ya ngazi ya 1000, ya 500 na ya 250, namba ikiwa ni pointi za bingwa. Kwa wanaume yale ya 1000 ni tisa: Indian Wells, Miami, Monte Carlo, Madrid, Roma, Kanada, Cincinnati, Shanghai na Paris. Monte Carlo peke yake si ya lazima. Hayo mengine manane pamoja na Grand Slam nne yanaingia kwenye hesabu ya mchezaji wa juu atake asitake. Akikacha bila udhuru, panawekwa sifuri, na sifuri hiyo haifichiki. Nafasi zinazobaki zinajazwa na matokeo yake bora ya kwingine.

Jihadhari na orodha ya pili, ile inayoitwa Mbio. Hiyo huanza sifuri kila mwanzo wa msimu na kazi yake ni kupata wanane watakaocheza Fainali za mwisho wa mwaka. Mwezi wa Februari mtu anaweza kuwa wa kwanza kwenye Mbio na wa 15 kwenye orodha kuu. Wengi huzichanganya hapo, wakaanza kubishana bure. Jingine: Grand Slam huchukua wiki mbili, kwa hiyo Jumatatu ya katikati haitoki orodha mpya. Usiisubiri.

Zamani hesabu ilikuwa tofauti, na ilikuwa na tundu. ATP ilianzishwa 1972, na tarehe 23 Agosti 1973 ikatoa orodha yake ya kwanza ya kompyuta, Ilie Năstase wa Romania akiwa namba moja. Wanawake walifuata Novemba 1975, Chris Evert juu. Kabla ya hapo nani aingie kwenye droo iliamuliwa zaidi na waandaaji wenyewe, na mwandaaji siku zote anapenda jina linalouza tiketi. Kompyuta iliondoa upendeleo huo, lakini wanaume walianza kwa kutumia wastani: jumla ya pointi ukiigawa kwa idadi ya mashindano. Unaona kilichofuata. Mtu akishapata wastani mzuri, kucheza kunakuwa hatari kuliko kukaa nyumbani. Mwaka 1990 wakaacha wastani wakaanza kujumlisha matokeo 14 bora, na tangu hapo anayecheza mara nyingi hapati hasara kwa kuthubutu.

Kazi kubwa ya orodha ni kufungua milango. Droo ya Grand Slam ina watu 128: 104 wanaingia moja kwa moja kwa nafasi yao ya ubora, 16 wanatoka kwenye mchujo, na wanane wanapewa mwaliko maalumu na waandaaji. Orodha inayotumika kuwachagua hao 104 ni ya wiki sita kabla, siyo ya wiki ya mashindano. Kwa hiyo ukipanda kuchelewa utaenda mchujo hata kama leo wewe ni wa 80. Aliyekaa nje miezi sita au zaidi kwa jeraha anaweza kuomba nafasi iliyolindwa, ambayo inamwingiza kwenye droo lakini haimpi kinga ndani yake.

Kinga hiyo ni ya wale 32 wa juu, waliopangwa kwa namba. Hao hawawezi kukutana wenyewe kwa wenyewe kabla ya raundi ya tatu, na namba 1 na 2 hawakutani ila fainali. Wa 33 hana chochote: anaweza kutumbukizwa dhidi ya namba moja siku ya kwanza. Wimbledon ndiyo iliyopanua kinga hiyo kutoka 16 hadi 32 mwaka 2001, na kwa kejeli ya michezo, mwaka huohuo bingwa alikuwa Goran Ivanišević, wa 125 duniani, aliyeingia kwa mwaliko.

Na kule nje ya 104 ndiko kwenye jasho hasa. Wimbledon ya 2024 ililipa pauni 60,000 kwa kila aliyefungwa raundi ya kwanza ya mchezaji mmoja mmoja. Linganisha na mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya wanawake, W15, ambako dola 15,000 ni mfuko mzima wa zawadi kwa washiriki wote, na bingwa huondoka na pointi 15. Hapo hujalipa tiketi ya ndege, chumba wala kocha. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyetwaa taji la vijana la wasichana wawili wawili Wimbledon 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, hakupata pointi hata moja ya wakubwa kwa ushindi ule, maana orodha ya vijana ni kitabu kingine kabisa. Akitoka huko anaanza upya na hizohizo pointi 15. Ukisikia mtu analalamika kwamba Afrika Mashariki haina wachezaji, mwonyeshe hesabu hii kwanza.

Umeuliza pia kwa nini ni hayo manne tu, na si Madrid au Miami. Hapo lazima turudi nyuma.

Babu wa tenisi ni mchezo wa Ufaransa, jeu de paume, uliopigwa kwa kiganja kwenye nyua za nyumba za watawa, kisha ndani ya kumbi za wafalme. Mfalme Louis wa Kumi alifariki mwaka 1316 baada ya kuucheza hadi akachemka kisha akanywa mvinyo wa baridi. Raketi zilikuja karne ya 16. Mpira wao ulishindiliwa manyoya au sufu, ukiudundisha juu ya jiwe unaruka, juu ya majani unalala. Kwa hiyo mchezo ulifungiwa ndani kwa karne nyingi. Kilichoutoa nje ni mpira wa raba iliyopikwa kwa salfa katikati ya karne ya 19, na mashine ya kukata majani, iliyobuniwa na Edwin Budding mwaka 1830. Mjini Birmingham, Uingereza, Harry Gem na rafiki yake Augurio Perera walikuwa wanacheza bustanini mapema, lakini aliyeufanya biashara ni Meja Walter Wingfield: mwaka 1874 alisajili hataza na kuuza sanduku lenye wavu, nguzo, raketi na mipira. Kiwanja chake kilikuwa chembamba katikati na kipana miishoni.

Wimbledon ilikuwa klabu ya kroketi, mchezo wa kugonga mipira kwa nyundo za mbao. Mwaka 1877 ilihitaji fedha za kutengeneza rola ya kukokotwa na farasi, ikatangaza mashindano. Walijiandikisha wanaume 22, akashinda Spencer Gore. Kamati ilitupa kiwanja cha Wingfield, ikachora mstatili wa futi 78 kwa 27, yaani mita 23.77 kwa 8.23, na ndio huohuo unaouona kwenye runinga leo. Wanawake waliruhusiwa 1884, bingwa Maud Watson.

Marekani ilianza yake 1881 Newport, Ufaransa 1891, Australia 1905. Ufaransa ilichelewa kufungua mlango: hadi 1925 ni wanachama wa klabu za Ufaransa tu walioshiriki. Mataifa haya manne ndiyo pekee yaliyochukua Kombe la Davis, la timu za mataifa, tangu 1900 hadi 1973, kwa hiyo mabingwa wao walikuwa ndio mabingwa wa dunia. Mmarekani Don Budge alipoyatwaa yote manne mwaka 1938, seti hiyo ya manne ilishakubalika kuwa kilele. Rod Laver alifanya hivyo 1962, akageuka mchezaji wa kulipwa, na kwa kosa hilo la kulipwa akafungiwa nje miaka mitano. Mlango ulifunguliwa kwa wa kulipwa 1968, na 1969 akayatwaa tena yote manne. Hakuna mwanaume mwingine aliyeyatwaa yote katika mwaka mmoja mara mbili.

Kila moja lina sakafu yake, na hapa ndipo utabiri wa wengi huharibika. Paris, ile Grand Slam ya Ufaransa, ni vumbi jekundu la matofali yaliyosagwa, tabaka la milimita moja au mbili juu ya chokaa. Mpira hupunguza kasi, hupanda juu, mkwaju wa kuanzishia hupoteza nusu ya sumu yake, na mechi hurefuka. Huko Nadal ana mataji 14. Wimbledon nyasi hukatwa milimita 8, mpira hunyiririka chini. Wiki ya kwanza nyasi mbichi huteleza, wiki ya pili nyuma ya mstari panabaki udongo mkavu na mpira hudunda vizuri zaidi. Melbourne na New York ni sakafu ngumu, lakini haikuwa hivyo zamani: Australia ilikuwa nyasi hadi 1987, na Marekani ilipita nyasi, kisha udongo 1975 hadi 1977, ndipo ngumu. Jimmy Connors aliitwaa US Open kwenye zote tatu.

Kwa saa zetu: fainali ya wanaume Melbourne, mwishoni mwa Januari au mapema Februari, huanza saa tano na nusu asubuhi. Paris, Mei na Juni, tumewatangulia saa moja tu. Wimbledon uwanja mkuu hufunguliwa saa tisa na nusu alasiri kwa siku za kawaida. New York ndiyo ya kukesha, mechi za usiku zinaanza saa nane usiku. Tangu 2022 seti ya mwisho ikifika 6-6 kote kunachezwa tai-breki (gemu la kuamua seti) ya pointi 10, kwa hiyo ile mechi ya Isner na Mahut ya Wimbledon 2010, saa 11 na dakika 5 kwa siku tatu, seti ya mwisho 70-68, haitajirudia. Unaweza kupanga usingizi.

Ukipata droo ya Paris nitumie picha yake, tuangalie pamoja nani ana pointi nyingi za kulinda na nani kawekwa upande mgumu. Nisalimie wazee.

Wako,
Swahiba